Sikio la Kushoto

Damu ilikuwa imeshaoshwa.

Inspekta Candida Temu alisimama kwenye geti la vyuma la ghala moja la simu, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, akaitazama sakafu ya saruji iliyokuwa bado na unyevu na harufu ya sabuni. Jana alasiri, Jumapili, hapo ndipo alipokutwa amelala Mzee Mrisho, mlinzi wa ghala, paji la uso limepasuka na rungu lake mwenyewe liko pembeni lina damu. Leo wapagazi walikuwa wanapita palepale na maboksi mabegani, wakipiga mluzi watu wapishe.

"Nani karuhusu paoshwe?"

Sajenti Gaudens, msaidizi wake, alikohoa kidogo. "Picha tulishapiga, Afande. Mwenye ghala anasema ana wateja wa Lubumbashi, wanaondoka leo."

"Na marehemu kaondoka jana. Naye alikuwa na haraka?"

Candida aliwasimamisha wapagazi kwa kiganja, akaingia.

Ndani kulikuwa na korido ndefu isiyopata jua hata mchana. Mbele kabisa, nyuma tu ya geti, ndipo kilipokuwa kiti cha mlinzi. Mzee Mrisho alikuwa anakaa hapo akitazama barabarani, mgongo kauelekeza ndani, na funguo za stoo za simu kazitundika mgongoni mwa kiti. Mwisho wa korido kulikuwa na mlango wa uani, unaotokea kwenye ngazi za wapangaji wa ghorofani. Mlango huo ulikuwa haufungwi mchana. Katikati ya korido mlipangwa maboksi matupu mpaka karibu na dari, yakaigawa njia mara mbili. Mtu akitoka uani kuja kwenye kiti, alikuwa na hiari ya kupita kushoto kwa mlinzi au kulia kwake.

"Nieleze unavyoliona wewe," Candida alisema.

"Rahisi, Afande. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani, majirani walilivunja. Kwa hiyo muuaji alipita uani. Hakuna kilichoibwa, hata simu moja. Funguo tumezikuta chini ya kiti. Mzee kapigwa usoni, maana yake alikuwa anatazamana na mtu. Mtu anayemjua. Wameongea, wamegombana, jamaa akachukua rungu."

"Na huyo mtu unaye."

"Ninaye, yuko mahabusu. Kijana anaitwa Allan. Mama muuza chai wa ng'ambo anasema mwezi mzima kijana huyu alikuwa anakuja kumrekodi mzee kwa simu. Simu yake imejaa video za mzee akikaa, akisinzia, akigeuka. Na kwenye kompyuta yake kuna mchoro wa korido hii, mpaka kiti kipo."

"Anasema ni mchoro wa nini?"

"Wa gemu." Gaudens alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu. "Wanatengeneza gemu la kunyata. Unamnyatia mlinzi, unamwibia funguo."

Candida alipita pembeni ya maboksi akaenda mpaka uani, kisha akarudi taratibu, macho yakiwa chini. Upande wa kulia wa mlinzi palikuwa giza na saruji tupu. Upande wa kushoto kuliwaka taa ndefu ya darini, na chini zilitapakaa nailoni zile za malengelenge wanazofungia bidhaa zisivunjike. Waliofanya usafi hawakufika huku. Hakuna mteja ambaye angepaona.

"Hizi nailoni ni za lini?"

Mpagazi mmoja alijibu kutoka getini. "Za juzi Jumamosi, mama. Tulishusha mzigo jioni, tukafunga. Jana hakuna aliyefanya kazi."

Candida alichuchumaa. Katikati ya nailoni, malengelenge yalikuwa yamepasuka kwa mafungu madogo madogo, moja mbele ya jingine, kuanzia uani kuelekea kwenye kiti. Kila fungu lilikuwa na upana wa ncha ya kiatu. Kisigino hakikuwepo.

"Gaudens, kaa kwenye kiti. Tazama barabarani. Ukinisikia nyanyua mkono."

Sajenti alikaa. Candida alipita kwanza upande wa kulia, gizani, kwa ncha za vidole. Alifika nyuma ya kiti, akamgusa bega. Gaudens alishtuka. Kisha akarudi uani, akapita upande wa kushoto, pembeni ya zile alama ili asiziharibu. Lengelenge la kwanza lilipasuka kama punje ya bisi. Mkono wa Gaudens ukapanda juu. Nje kulikuwa na honi, wauzaji wa spika na mikokoteni, na bado alikuwa amesikia.

"Mtu aliyekuja kumsalimia mzee hatembei kwa vidole," Candida alisema. "Huyu alikuwa ananyata. Sasa niambie, mwizi ananyata, mbele yake kuna njia mbili. Moja giza na kimya, nyingine mwanga na makelele. Kwa nini achague makelele?"

Gaudens alizitazama njia zote mbili.

"Labda ni mjinga, Afande."

"Mjinga hakanyagi kwa uangalifu hivi. Piga picha hizo nailoni zote, halafu zikusanye kama zilivyo. Mwenye ghala akilalamika, mwambie aje alalamike kituoni."

* * *

Magomeni, nje ya nyumba ya Mzee Mrisho, turubai lilikuwa limeshafungwa na wanaume wamekaa kwenye mikeka. Candida alijifunika khanga aliyokuwa anaiweka kwenye gari kwa shughuli kama hizo, akapelekwa chumba cha ndani. Mjane, Bi Swaumu, alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta. Macho yake yalikuwa makavu.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Mtatupa lini mwili?"

"Daktari akimaliza, mama. Leo jioni au kesho."

"Sisi maiti hatuiweki. Angekuwa mwenye lile ghala, mngekuwa mmeshamzika."

Candida alikaa chini karibu naye. Aliuliza, "Mzee alikuwa anasikia vizuri?"

Mwanamke aliyekaa karibu alitaka kujibu, Bi Swaumu akamwambia atoke, akaangalie uji. Mlango ulipofungwa alisema kwa sauti ndogo, "Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nauliza."

"Sikio la kushoto lilikufa siku nyingi. Alipigwa na majambazi kwenye lindo la kwanza, kule viwandani. Aliniapisha nisimwambie mtu. Mlinzi kiziwi nani atamweka? Hata wanangu hawajui. Wao wanadhani baba yao ana dharau, ukimwita haitiki." Alijifuta midomo na ncha ya khanga. "Kazini alikuwa anaweka redio sikio la kulia, watu wanafikiri anapenda mpira."

"Hakuna mtu mwingine yeyote aliyejua?"

"Labda Mungu."

Candida alisimama kuaga. Bi Swaumu alimshika mkono.

"Siku hizi za mwisho shingo ilikuwa inamsumbua. Hata akila, dakika mbili anageuka hivi, kushoto. Dakika mbili tena anageuka. Kama kuku. Nilikuwa namchua na dawa kila akirudi. Jana asubuhi nilimchua. Daktari wenu aangalie na shingo."

* * *

Ofisi ya gemu ilikuwa chumba kimoja cha ghorofa ya tatu, Mchafukoge, kwenye jengo la zamani ambalo lifti yake ilikuwa imegeuzwa stoo ya mafagio. Meza mbili, kompyuta tatu, feni inayolia, na kwenye ukuta picha kubwa za walinzi: mlinzi amesimama, mlinzi ameinama, mlinzi anauliza. Wote walikuwa na sura ya Mzee Mrisho.

Allan aliletwa na pingu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, jicho moja limevimba. Candida alimtazama jicho, kisha akamtazama Gaudens.

"Alianguka akipanda gari, Afande."

"Mfungue pingu. Na asianguke tena."

Kwenye kompyuta ya katikati alikaa msichana aliyevaa hijabu ya bluu. Alisimama. "Shikamoo mama. Naitwa Husna. Mimi ndiye ninayeandika programu za walinzi. Allan ndiye anayebuni."

"Marahaba. Kaa. Allan, kwa nini ulimrekodi mzee mwezi mzima?"

Allan alisugua vifundo vya mikono. "Toleo la kwanza la gemu letu tulilitoa bure, watu wakatutukana. Walisema walinzi wetu ama ni vipofu, unapita mbele yao hawakuoni, ama ni wachawi, wanakuona ukiwa nyuma ya ukuta. Mtu anakamatwa, hajui kosa lake ni lipi. Hasira zinampanda, analifuta."

"Ukaenda kutafuta mlinzi wa kweli."

"Ndiyo. Mlinzi wa kweli hakurupuki. Akisikia kitu anatulia kwanza. Halafu anainua kichwa. Halafu anauliza, nani? Halafu ndiyo anasimama. Tukaviweka vyote hivyo hatua kwa hatua, ili mchezaji apate nafasi ya kujificha kabla mambo hayajaharibika. Tukaweka mwanga na kivuli. Tukaweka na sakafu, saruji hailii, nailoni inalia. Watu waliojaribu wakaanza kusema, eeh, sasa hii ndiyo kunyata."

"Nionyesheni."

Husna aliwasha. Kwenye kioo ilitokea korido ileile, kiti kilekile, mzee mwenye koti la ulinzi ameupa mgongo mlango wa uani. Husna alimsogeza mtu wake upande wa kushoto. Nailoni ikalia. Mzee wa kwenye kioo akatulia, akainua kichwa, akasema, "Nani hapo?" kwa sauti iliyokwaruza. Gaudens alirudi nyuma hatua moja.

"Ni sauti yake mwenyewe," Allan alisema. "Alikubali kurekodi. Alifurahi sana."

Candida aliisogelea kompyuta. "Huyu amesikia. Mzee Mrisho asingesikia. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa."

Feni iliendelea kulia. Allan aliinamisha kichwa. Husna ndiye aliyejibu.

"Mwanzoni naye alikuwa hasikii. Kila mlinzi tulimpa udhaifu mmoja, ambao mchezaji mtulivu atauona mwenyewe. Huyu ukipita kushoto kwake taratibu hasikii kabisa, hata ukanyage nailoni. Ukikimbia ndiyo anasikia, kwa sababu sikio la kulia ni zima. Dalili yake ilikuwa redio. Anaiweka kulia tu."

"Mlijuaje? Mke wake aliapishwa."

"Mama wa chai alikuwa anamwita akiwa kushoto, haitiki," Allan alisema. "Akihamia kulia anaitika. Niliangalia video zangu, nikaona kila siku ni hivyo. Sikumwuliza mzee. Mimi nilifurahi tu. Nilikuwa natafuta udhaifu usiokuwa wa kitoto, nikaupata bure."

"Ulifurahi," Candida alirudia.

"Ndiyo."

"Kwa nini mkauondoa?"

Husna alimtangulia Allan kujibu.

"Mzee alikuja hapa kujiona. Wiki iliyopita, Jumatano. Allan alimkaribisha, tukanunua soda. Alicheka sana kujiona kwenye kioo. Tukampa acheze yeye, akashindwa, ikabidi nimchezee. Nikapita kushoto, nikachukua funguo. Akasema rudia. Nikarudia. Mara ya tatu alikuwa hacheki tena. Akauliza, 'Binti, kwa hiyo kila atakayecheza hii atajua?'"

"Nikaona aibu, mama," Allan alisema. "Nikamwambia tunaiondoa siku hiyohiyo. Husna aliifuta akiwa amekaa palepale. Na mimi nikamshusha mpaka chini, nikamwambia, mzee, usitegemee sikio tena, tegemea shingo. Geuka kushoto. Kila baada ya muda kidogo geuka, hata kama hujasikia kitu. Walinzi wetu wengine tunawafanyia hivyo."

Candida alikaa kwenye ukingo wa meza. Alikumbuka mkono wa Bi Swaumu na dawa ya kuchua.

"Una ushahidi wa hilo?"

"Ijumaa nilipita kumwangalia. Nimemrekodi. Simu mnayo nyie."

Gaudens aliitoa simu kwenye mfuko wa vielelezo. Video ilikuwa fupi. Mzee Mrisho amekaa kwenye kiti chake, anageuka kushoto kwa ukali kama askari wa gwaride, kisha anaangalia kamera na kuonyesha meno. "Hivi, Allan? Au zaidi?" Sauti ya Allan inasema, "Hivyohivyo mzee, umeiva." Mzee anacheka mpaka anakohoa.

Candida aliirudisha simu.

"Gaudens, mwandike Allan kama shahidi. Utuhumiwa umwondolee."

"Afande?"

"Sikiliza. Mwizi alipita kushoto juu ya nailoni kwa sababu alijua sikio hilo limekufa. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kuacha giza akapita mwangani. Alifika mpaka kwenye kiti, akashika funguo. Mzee akageuka. Hakugeuka kwa kusikia, amegeuka kwa sababu amefundishwa kugeuka. Wakatazamana. Mwizi hakuja na silaha, ndiyo maana alichukua rungu la mzee mwenyewe. Kwa hiyo ni mtu aliyelijua sikio na hakuijua shingo. Allan aliyajua yote mawili. Angetaka kuiba, angepita kulia."

"Na huyu binti?"

"Naye aliyajua yote mawili. Alikuwepo." Candida alimgeukia Husna. "Kabla ya Jumatano, nani mwingine alicheza hii ya sikio bovu?"

Mikono ya Husna ilikuwa imetulia juu ya meza. Allan alimtazama, kisha haraka akatazama pembeni, na Candida akaona.

"Mlitoa kwa watu?"

"Hapana," Husna alisema. "Ilikuwa haijatoka humu ndani."

"Humu ndani kuna kompyuta tatu. Ninyi mko wawili."

Kompyuta ya tatu ilikuwa imefunikwa kitambaa. Husna aliitazama kwa muda mrefu.

"Ukinyamaza nitajua mwenyewe kesho," Candida alisema. "Alama za vidole za lile rungu ziko maabara. Lakini leo kuna mama amekaa Magomeni hajazika."

"Alikuwa anatujaribia gemu," Husna alisema. "Hakuna aliyekuwa anajua kunyata kama yeye. Alikuwa anaweza kupita korido ile kwa macho ya kufumba. Tuligombana wiki mbili zilizopita, nikamfukuza. Nilimwambia ana tamaa, kila kitu anataka leo. Kwa hiyo hakuwepo Jumatano. Sikumwambia. Tulikuwa hatuongei."

"Jina lake."

"Abdulmajid." Alivuta pumzi. "Ni mdogo wangu, mama. Tumbo moja. Tumezikwa baba na mama sisi wawili tu tumebaki, nimemlea mimi."

Maneno yalimtoka yakiwa yamepinda. Hakuna aliyemsahihisha. Allan alinyoosha mkono amshike bega, Husna akausukuma.

"Wewe usiniguse. Wewe na huruma zako. Ungemwacha mzee asijue, angeibiwa boksi la simu tu. Angefukuzwa kazi, angekuwa hai."

Allan alirudisha mkono kwenye mapaja yake.

"Yuko wapi saa hizi?" Candida aliuliza.

"Mtaa wa Aggrey. Anapanga makava ya simu mezani. Atakuwepo. Hana pengine pa kwenda."

* * *

Alikuwepo. Kijana mrefu mwenye fulana safi, nyuma ya meza iliyojaa makava, chaja na vioo vya simu, akimbandikia mama mmoja kioo kipya. Candida alisubiri amalize. Aliona jinsi kijana alivyokandamiza povu la hewa kwa kidole gumba, pole pole, mpaka likatokea ukingoni.

Mteja alipoondoka, Candida alisogea. Gaudens alikuwa ameshazunguka nyuma.

"Mambo, Majid."

Kijana alimwangalia usoni, akaangalia viatu vyake vyeusi, akamwona Gaudens. Hakukimbia. Alichukua kava moja lililoanguka, akalirudisha kwenye safu yake.

"Husna kawaambia?"

"Nailoni ndiyo imetuambia. Unakwenda na sisi kituoni. Hulazimiki kusema chochote hapa."

"Nilikuwa nataka boksi moja. Moja tu, nianze duka langu, niache kukaa juani." Alikuwa anaongea haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. "Sikuwa na nia ya kumgusa. Nilishafanya ile njia mara mia kwenye kompyuta. Mzee alikuwa hageuki. Nakuapia, alikuwa hageuki kamwe. Nilikuwa nimeshashika funguo."

"Akageuka."

"Akageuka. Uso kwa uso, hivi."

"Akapiga kelele?"

Abdulmajid alitikisa kichwa.

"Alicheka. Alisema, 'Ah, Majid! Karibu mwanangu. Dada yako hajambo?' Tulikuwa tunakunywa naye chai mimi na Allan, siku zile za kurekodi. Hakuona hata kama nina funguo mkononi. Alikuwa anafurahi tu. Halafu akaziona." Alikiangalia kiganja chake. "Mimi nililiona rungu, yeye akaziona funguo. Ndiyo hivyo."

Gaudens alimvika pingu. Mlio wa chuma ulitosha. Muuza soksi wa meza ya pili aligeuka, akauliza kaiba nini, na kabla ya kujibiwa mtu wa tatu alikuwa ameshasema mwizi. Neno likapokelewa mtaani kama moto wa petroli. Mwizi! Mwizi huyo! Watu walianza kujaa, mpagazi akatua mzigo wake, mtu akaokota kipande cha tofali. Wengine walikuwa wamekula na Abdulmajid juzi tu.

"Rudi nyuma! Polisi!" Candida alimkumbatia kijana kwa ubavu, akamsukuma kwenye kundi kuelekea garini. Tofali lilimpata yeye begani. Ngumi za wengine zilifika kichwani kwa kijana, moja ikampasua mdomo. Walimtupa kiti cha nyuma, Gaudens akamlalia juu, dereva akaondoka kwa honi. Nyuma yao meza ilikuwa imeshapinduliwa na watu wanagombania makava.

Walipofika karibu na taa za Msimbazi simu ya Candida iliita. Namba hakuijua.

"Mama Inspekta, mimi Husna. Mmempata?"

"Tumempata."

"Yuko mzima?"

"Yuko mzima."

Candida alisikia feni ikilia upande wa pili. Kwenye kiti cha nyuma Abdulmajid alikuwa ameinama, damu ya mdomo inamdondokea kwenye fulana, na alikuwa ameitambua sauti ya dada yake. Alitulia kabisa asikilize.

"Amekula?" Husna aliuliza.

Candida alimwangalia kijana. Kijana alitikisa kichwa.

"Bado."

"Basi napika chakula, nitakileta kituoni." Alikuwa analia sasa, lakini alimaliza sentensi zake moja moja. "Nitamwachia askari wa mlangoni. Msimwite. Mimi sitaki kumwona."